IST au Forester: Lipi Utalimudu Likishafika Nyumbani?

Mtu akitangaza kijiweni kwamba amejikusanya na sasa anataka gari la kwanza, hapa Dar es Salaam majina hayazidi mawili kabla kahawa haijapoa: chukua Toyota IST, au kama una moyo, chukua Subaru Forester. Wa IST watakwambia spea zake zipo kila kona. Wa Forester watakwambia gari ni uzito, gari ni kutulia barabarani. Wote wanasema kweli, ila wote wanazungumzia siku ya kununua. Na bei za magari haya, hasa ya mkononi yenye namba D, zimesogeleana kiasi kwamba mwenye hela ya IST safi anaweza kupata Forester iliyochoka kidogo. Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Yanapotofautiana hasa ni kwenye yale yanayoomba baada ya kuingia getini kwako: yanaomba nini, mara ngapi, na kwa mkupuo wa shilingi ngapi.

Tuelewane kwanza tunaongelea zipi. IST hapa ni ile ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, yenye injini ya cc 1300 au 1500. Forester ni ile wanayoiita SG5, ya miaka hiyohiyo, cc 2000, ambayo iko ya kawaida na iko ya tabo, yaani yenye kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, ile yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Bei nitakazotaja za mafuta, tairi na kazi za gereji ni za kukadiria, nimezichukua ili hesabu ikae sawa. Badilisha za kwako uone.

Mafuta

Tumchukue mtu anayekaa Bunju na kufanya kazi Posta. Kwenda ni kilomita kama 30, kurudi 30. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,320, na ukiongeza mizunguko ya wikiendi, kanisani au msikitini, sokoni na kwa shangazi Mbagala, unafika 1,500 kwa mwezi bila kujisikia.

Kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, AC ikiwa inafanya kazi, IST yenye afya itakupa kilomita 12 hivi kwa lita. Forester ya kawaida itakupa nane na nusu. Ya tabo, ukiendesha kwa adabu, saba. Ukishindwa adabu, sita, na wenye tabo wengi hushindwa.

Kwa lita moja kuwa 2,900, IST itakunywa lita 125 kwa mwezi, yaani shilingi 362,500. Forester ya kawaida itakunywa lita 176 na ushee, kama 512,000. Ya tabo lita 214, karibu 621,000. Kwa hiyo kati ya IST na Forester ya kawaida kuna laki moja na nusu kila mwezi, na kati ya IST na tabo kuna zaidi ya laki mbili na nusu. Kwa mwaka ni milioni 1.8 na milioni 3.1. Hiyo ya mwisho ni ada ya mtoto shule, na sijagusa gereji bado.

Sababu yake si siri. IST ina uzito wa tani moja hivi na inasukumwa na tairi za mbele tu, ukiacha chache za magurudumu manne. Forester ina karibu kilo 1,400 na inazungusha tairi zote nne muda wote, hata ukiwa umenyooka kwenye lami kavu kuelekea Mwenge. Foleni ni kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, na kila kuondoka ni kuunyanyua upya uzito wote huo. Ndiyo maana tofauti hii hupungua sana safari ikiwa ndefu. Nitarudi kwenye hilo.

Kuna mazoea ya kuweka ya elfu kumi kumi. Elfu kumi ni lita tatu na nusu pungufu kidogo. Jioni ukiiweka Posta tangi likiwa kavu, IST inakufikisha Bunju na asubuhi inakuondoa. Forester ya tabo inakuacha Tegeta. Halafu pampu ya mafuta kwenye magari yote mawili imezama ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipooza. Gari linaloishi na mshale umelala linachosha pampu yake mapema. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo mwenye akili anajaza Jumanne akisikia tetesi za kupanda, au anasubiri siku moja akisikia za kushuka. Kwa tangi la Forester la lita 60, siku hiyo moja ina maana.

Serikali, bima na trafiki

Hapa pafupi, kwa sababu magari haya yanafanana kuliko watu wanavyodhani. Ukiagiza kutoka Japani, ushuru wa bidhaa hupangwa kwa ukubwa wa injini, na yote mawili yanaangukia kundi moja la kati ya cc 1000 na 2000. Forester ina cc 1994. Imepita kwenye tundu la sindano. Umri wa gari ndio unaouma zaidi, maana lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililozidi kumi hutozwa ulio mkubwa zaidi.

Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017, na badala yake zikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Watu walishangilia, lakini hesabu yake ni kwamba anayekunywa zaidi ndiye anayelipa zaidi. Mwenye IST wetu wa Bunju analipa 60,000 kwa mwaka kwa njia hiyo. Mwenye tabo analipa zaidi ya laki moja, naye hajui.

Bima ndogo ni ileile kwa magari yote mawili, 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa ndiyo inayofuata thamani ya gari. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ukiongeza VAT, gari la milioni 15 linatoka kama 619,500 kwa mwaka, la milioni 22 kama 908,600. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, wewe mwenyewe, pale pale kwa wakala, uione bima yako inasoma. Usisubiri trafiki ndiye akusomee.

Faini ni 30,000 kwa kosa. Gari halichagui, ila dereva wa Forester husahau mapema kwamba kibao cha 50 kimeanza, kwa sababu ndani pametulia na injini haipigi kelele. Njia ya Chalinze kwenda Segera ina vijiji vingi na tochi nyingi. Maegesho ya mjini nayo yanaandikwa kama deni kwenye namba ya gari lako hata kama hukuona karatasi, kwa hiyo liangalie deni hilo kwenye simu mara kwa mara, hasa kabla ya kununua gari la mtu.

Gereji

Hapa ndipo gari linapojieleza.

Tuanze na oili. Injini ya IST inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Galoni moja ya lita 4 inatosha na kinabaki kidogo cha kuongezea. Forester ya tabo inataka lita nne na nusu hivi, kwa hiyo galoni haitoshi, unanunua na kopo la lita moja juu. Kwa mtu wetu wa kilomita 1,500 kwa mwezi, kumwaga oili kila kilomita 5,000 ni kila baada ya miezi mitatu na ushee. Tofauti ya hapo ni ndogo, haimfilisi mtu. Ila tabo haisamehi uvivu. Ile tabo yenyewe inazunguka kwa kasi ya kutisha na inategemea oili hiyohiyo, na mtu anayeisukuma hadi kilomita 8,000 kwa oili ya kupimiwa kwenye ndoo anajitafutia moshi wa bluu.

Plagi zote ni nne, lakini zipo mahali tofauti. Kwenye IST zimekaa juu, chini ya koili. Fundi anafungua bolti moja moja, anachomoa, anaweka, umemaliza soda yako naye kamaliza. Injini ya Subaru imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia, kwa hiyo plagi zimekaa ubavuni, zimebanana na chesisi. Ili mkono uingie inabidi betri itoke, boksi la hewa litoke, chupa ya maji ya waipa isogezwe. Fundi atakutoza zaidi, na ana haki. Fundi akikwambia dakika kumi, mwangalie vizuri, kuna uwezekano anabadilisha za upande mmoja.

Sasa mkanda. IST inatumia cheni ya taimingi, na cheni ikipata oili safi kwa wakati unaweza kukaa nayo miaka bila kuikumbuka. Forester ya SG5 inatumia mkanda wa raba. Mwisho wake ni kilomita 100,000 kwa utaratibu wa Japani. Ukikatika gari likiwa linatembea, pistoni zinagonga valvu na valvu zinapinda. Hapo huongelei tena mkanda, unaongelea kushusha injini au kutafuta nyingine ya mtumba Ilala. Na ukiubadilisha, badilisha pamoja na rola zake na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo na kuifikia ni kuifungua kazi yote upya. Weka akiba isiyopungua laki sita kwa shughuli hiyo kabla hujamlipa muuzaji. Ndiyo, kabla.

Unajuaje mkanda ulishabadilishwa? Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, zinarudishwa nyuma kama saa. Fungua boneti, tafuta kibandiko. Gereji za Japani wakibadilisha mkanda huacha kibandiko kidogo, mara nyingi kwenye kava la mkanda au ukingoni mwa boneti, chenye maandishi yao na namba mbili: kilomita na tarehe. Mwaka wameuandika kwa hesabu ya mfalme wao. Ukiona 25, ongeza 1988, unapata 2013. Kama kibandiko kinasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na dashibodi inasoma 84,000, umeshajua unaongea na muuzaji wa namna gani. Kama hakuna kibandiko kabisa, hesabu kwamba mkanda ni wa zamani na uukate kwenye bei.

Mvujo wa oili ni tabia ya injini hizi zilizolala. Gasketi za kava za valvu zikikauka, oili inadondokea kwenye ekzosi, na ukisimama kwenye taa za Mwenge unasikia harufu ya oili inayoungua inaingia na hewa ya AC. Si ugonjwa wa kufa, ila usiuchukulie poa, oili inapungua na wewe huoni tone sakafuni. Beringi za tairi za nyuma nazo ni wimbo wa Forester: mvumo unaoanza kwenye kasi ya 60 na kuongezeka, watu wengi hudhani ni tairi.

IST nayo ina mabaya yake, ila ni ya bei ndogo. Stabilaiza, bushi, bol joint, shokapu za mbele, mauntini ya injini. Ukikaa mtaa wenye mashimo utasikia kongo-kongo upande wa kushoto, utatengeneza, baada ya miezi itahamia kulia. Injini za 1NZ, zile za cc 1500, zilizochoka zinakula oili kimyakimya bila kutoa moshi wa kuonekana, kwa hiyo kijiti cha oili uwe unakivuta mwenyewe kila wiki mbili. Lakini kila kimoja kati ya hivyo unakipata Kariakoo dakika hiyohiyo, kipya au cha mtumba, na ukiharibikiwa Tunduru au Mpwapwa kuna mtu ana duka lenye vitu vya IST, kwa sababu mji huo wenyewe una IST za teksi. Kifaa cha Forester nje ya miji mikubwa unakisubiri kije kwa basi. Unalala gesti usiku mmoja, siku ya pili unaenda stendi kuuliza kama mzigo umefika.

Jambo la mafundi ni zito kuliko spea. IST anaiweza kila fundi aliyewahi kushika spana. Forester inamtaka mtu aliyeizoea, na Dar wapo, wazuri sana, ila si yule wa chini ya mwembe mtaani kwako. Mpate huyo fundi kabla ya gari. Mpeleke akalikague, mlipe kwa ukaguzi huo, na umsikilize akisema hapana.

Kuna kitu kimoja mafundi wetu wengi wanakifanya kwenye magari yote mawili, na ni vizuri ukijue: wanatoa themostati. Watakwambia huku kwetu joto, haina kazi. Kazi inayo. Ndiyo inayofunga maji mpaka injini ipate joto lake la kazi, la nyuzi 80 hivi, ndipo inaachia. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Halafu unalalamika gari linakunywa. Kingine ni maji. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi inakula rejeta na pampu kwa ndani. Weka kulanti. Kwa IST ni ushauri mzuri. Kwa Forester ni lazima, kwa sababu injini ile ikichemka mara moja tu vizuri, gasketi za silinda hedi hazirudi kuwa zilivyokuwa, na ziko mbili, kila upande yake.

Tairi nne ni nne kweli

IST nyingi zinavaa 185/65R15. Tairi mbili za mbele zikiisha unanunua mbili, za nyuma unaziacha zimalizie siku zao. Kama moja ni 130,000, umetoka na 260,000.

Forester nyingi zinavaa 215/60R16. Moja ikipasuka na zilizobaki zimeshalika nusu, tatizo lako si tairi moja. Gari linalosukuma kwa tairi zote nne linataka zote ziwe na mzunguko sawa. Tairi mpya ni nene kuliko iliyolika, kwa hiyo inazunguka mara chache zaidi kwa kilomita ileile, na tofauti hiyo inakwenda kusagika ndani ya mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Baada ya muda gari linaanza kukaza ukikata kona ya kuingia maegesho, kama mtu amekanyaga breki kidogo. Kutengeneza hapo ni kufungua giaboksi. Kwa hiyo unanunua nne, na kwa 190,000 moja ni 760,000 kwa siku moja. Wengine hununua ya mtumba inayolingana kulika na zile tatu, na ukiwa na geji ya kupimia kina cha mchoro si wazo baya.

Ukivaa tairi ya spea iliyo ndogo, kwenye Forester nyingi za automatiki kuna kishimo kitupu cha fyuzi kwenye injini kimeandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, gari linasukuma kwa mbele tu mpaka ufike kwa wa pancha. Wamiliki wengi wameishi nalo miaka bila kukijua. Na likikataa kabisa, usikubali bredauni ainue tairi mbili na kuburuza mbili. Lipandishwe lote juu ya gari, au zote nne zisiguse chini. IST ukiinua mbele umemaliza.

Kazi ndogondogo za nyumbani

Kuosha kwenye kaa woshi ni bei inayokaribiana, Forester huongezewa kidogo kwa urefu wake. Anayeosha mwenyewe Jumamosi atajua kwamba paa la IST linafikika bila stuli. Kwa wanaokaa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, maji ya kuosha chini ya gari ni muhimu kuliko kung'arisha boneti.

Upepo wa tairi angalia kila wiki mbili, asubuhi kabla hujatembea. Kipimo kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kijana wa pancha ana kipimo chake kimoja cha magari yote duniani.

Wizi ni upande ambao IST inashindwa. Saiti mira, taa, swichi za pawa windo: kwa sababu IST ni nyingi, soko la vitu vyake ni kubwa, na mwizi anajua ataviuza jioni hiyohiyo. Chora namba ya gari kwenye vioo na taa siku ya kwanza. Haizuii kila mwizi, ila anayejua kazi yake ataenda kwa jirani ambaye hakuchora. Forester haiibiwi vioo sana, ila kioo kimoja kikiondoka utakitafuta.

Yote mawili yatakusalimia kwa Kijapani. Yule mama wa ndani ya dashibodi anayesema maneno yaleyale kila ukiwasha gari anakuarifu kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Kachomoe kile kiboksi, kiko chini ya dashibodi au kwenye kifuniko cha jua. Redio nayo inaishia 90, kwa hiyo stesheni zote za juu ya hapo hazishiki mpaka ufunge kibadilishi au redio nyingine.

Kama una tabo, fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko cha Kijapani kwa kamera ya simu inayotafsiri. Kitakuambia gari liliundwa kunywa petroli ya kiwango cha juu. Wengi wanaweka ya kawaida na maisha yanaendelea, lakini ukisikia injini inalia kama kokoto ukipanda mlima, jua lilikuwa limeandikwa.

Barabara ya kwako na safari za mwaka

Nimeonekana kuiponda Forester, na siiondoi hata moja ya hesabu hizo. Ila kuna watu ambao ningewakataza IST.

Wa kwanza ni anayekaa Goba ndani, Madale, Kibamba au Chanika, mahali ambapo lami inaisha na masika inaanza. IST iko chini na tairi zake ni ndogo. Kila siku unakwangua, kila siku unapita kwa kuomba, na mvua za Aprili zikishika unaliacha kwa mwenye duka barabarani na kumalizia na bodaboda. Pesa unayookoa kwenye mafuta inakwenda kwenye shokapu, bushi na bampa. Forester inapita hapo kifua mbele, na ukiwa na watoto nyuma saa tatu usiku, hilo lina thamani yake.

Wa pili ni msafiri. Dar hadi Moshi kwenda na kurudi hesabu kilomita 1,100. Huko IST itakupa 15 kwa lita, Forester ya kawaida 11. Ni 213,000 dhidi ya 290,000. Tofauti ni 77,000 kwa safari nzima, na kwa hela hiyo mmekaa watu watano, mizigo ya Krismasi imeenea nyuma, na basi likikupita kwa kasi gari halitikisiki. IST yenye watu watano na magunia mawili ya mchele wakati wa kurudi inapanda mlima huku unasoma namba za malori. Mtu anayesafiri hivyo mara nne au tano kwa mwaka na mjini anatembea kidogo, Forester ya kawaida inamfaa na haitamtoa jasho.

Sasa fedha zenyewe zinavyokuja. IST inaomba kidogo kidogo na mara kwa mara: elfu arobaini leo, elfu sitini mwezi ujao. Mshahara unaihimili. Forester inaweza kukaa miezi saba haijasema neno, halafu Jumanne moja inataka laki saba za tairi, na mwezi unaofuata laki sita za mkanda. Mtu mwenye kipato kizuri lakini kisicho na akiba ataumizwa na Forester kuliko mwenye kipato cha wastani aliyezoea kuweka. Kama ukiamka kesho na gari linataka milioni moja utalazimika kukopa, chukua IST bila kuona haya.

Kwa hiyo, anayekwenda Posta kila siku kwenye foleni na kurudi nyumbani kwa lami, IST, na kama anaweza aipate ya cc 1500, maana ya 1300 ikiwa imejaa watu na AC inahema. Anayekaa kule lami inakoishia au anayesafiri na familia, Forester ya kawaida, isiyo ya tabo, yenye kibandiko cha mkanda na fundi aliyeikagua. Tabo inunue ukiwa na gari lingine la kwendea kazini. Na aliye peke yake, asiyesafiri na asiyebeba mizigo, aiangalie Toyota Passo ya cc 1000: inakunywa chini ya IST, na ikiagizwa inaepuka hata ule ushuru wa bidhaa unaopangwa kwa ukubwa wa injini.

Siku ya kuuza, IST inauzwa kabla ya wiki kuisha na dalali mtaani anakupigia yeye. Forester inamsubiri mtu wake, na mtu huyo atakuja na fundi, atafungua boneti, na ataanza kutafuta kibandiko.